Kifeni cha Siku za Baridi

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Harufu ya plastiki inayopata moto na vumbi linaloungua ndani ya mota ndogo. Nilikuwa nimeinamia makaratasi yangu ofisini, hapa Shinyanga mjini, asubuhi ya mvua, kila mtu kajikunyata na sweta lake. Nikainua uso nikamkuta Neema, binti ninayefanya naye kazi chumba kimoja, keshachomeka kwenye kompyuta yangu kifeni cha rangi ya waridi chenye masikio ya sungura.

"Zawadi yako, dada Kabula. Nimekiagiza kwa simu, kimefika leo hii."

Neema ana ugonjwa wa vikorokoro vya mezani. Ana kisahani cha umeme kinachopasha chai, ana taa yenye shingo ya twiga, ana kifyonzavumbi kikubwa kama ndizi cha kunyonya makombo ya andazi kwenye kibodi, na ana mkono wa mpira unaomkuna mgongo akiwa anachapa. Tunamcheka, tunamwambia mshahara wake unaishia kwa Wachina, naye anacheka zaidi yetu. Mimi ndiye ninayemcheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini siku ile, kifeni kilipoanza kuzunguka, karatasi niliyokuwa nimeishika ikatetemeka. Nikautazama mkono wangu. Umetulia tuli. Karatasi ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

"Zima," nikasema.

"Jamani dada, hata hujakijaribu!"

"Neema, nimesema zima!"

Akazima. Akanuna, na alikuwa na haki ya kununa. Mimi nikatoka nje nikasimama barazani, mvua inanirukia miguuni, nikalia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Na msiba wenyewe ni wa zamani, baba yangu alishaoza huko Buseresere. Lakini kuna misiba mtu anafiwa mara mbili.

Wenzangu mliokua enzi za kompyuta za chogo, zile zenye kisogo kikubwa kama mzigo wa pamba, mtanielewa. Baba alikuwa nazo mbili, moja inafanya kazi na nyingine ya kutolea vipuri. Kibanda chetu cha steshenari kilikuwa Buseresere, kando ya barabara ya Biharamulo, na ukutani kuliandikwa kwa rangi nyekundu: TUNACHAPA, TUNATOA KOPI, TUNAPIGA PICHA ZA PASIPOTI. Picha za pasipoti hatukuwahi kupiga hata moja. Kamera ilikufa kabla rangi ya ukutani haijakauka. Baba alikuwa Msukuma wa Kishapu, alisomea upigaji chapa ujanani kabla dhahabu haijamwita kwenda kule, na mwandiko wake wa kalamu ulikuwa unasifiwa mpaka sokoni. Watu walimletea kadi za harusi, mikataba ya mashimo ya dhahabu, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi. Mama alikaa kwenye kona anapanga karatasi na kubana kurasa, na mimi nikitoka shule nilikaa sakafuni chini ya meza.

Nyuma yetu, ng'ambo ya mtaro, palikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Likinguruma, mtaa mzima unatetemeka. Vikombe vinagongana kabatini, mabati yanalia, maji ya ndoo yanafanya viduara. Wageni walikuwa wanauliza tunalalaje, nasi tulikuwa hatuelewi swali. Kwa hiyo mimi nilikua nikijua kwamba kitu kikikaa karibu na mashine lazima kitetemeke. Mikono ya baba ilikuwa inatetemeka, baba alikuwa anakaa karibu na mashine, hesabu imeisha. Na hata alipotetemeka nyumbani tukila, nilijua ni sawa na mtu aliyeshuka kwenye lori ambaye bado anaisikia barabara mwilini. Sikuuliza. Mtoto akishapata jibu lake mwenyewe haulizi.

Ukweli niliujua nikiwa mkubwa, na nausema hapa hapa maana sipendi kumzungusha mtu. Kabla ya steshenari, baba alikuwa mchomaji. Wachimbaji wakishaosha mchanga wao kwa zebaki, ile wenyewe wanayoiita mekyuri, hubaki kidonge cheupe cha dhahabu na zebaki vimeshikana. Wanampelekea mchomaji, anakiweka kwenye kikaango juu ya mkaa, zebaki inapaa kama moshi, inabaki dhahabu yenyewe, ya njano. Na kwetu dhahabu haichomwi mlango wazi. Kuna wezi, kuna macho ya watu, na wengine wanaamini ikionwa na mwenye kijicho inapungua. Baba alikuwa anafunga mlango, anafunga dirisha, anakunja kanga ya mama anaziba uwazi wa chini, kisha anajiinamia pale kwenye kikaango kuilinda mali ya watu. Alikuwa mwaminifu kuliko wachomaji wote, ndiyo maana walimletea nyingi. Moshi aliomeza ulimwingia kwenye mishipa ukakaa humo. Alipoona vidole vimeanza kumsaliti, aliacha kuchoma akafungua steshenari, akidhani moshi ukiisha na mikono itapona.

Haikupona. Na mikono ndiyo iliyokuwa duka. Nani angepeleka kazi ya kuchapa kwa mtu asiyeweza kushika kalamu? Tena Buseresere mtu akitetemeka watu wana majibu mawili tu, ama karogwa ama ni pombe. Baba akaamua isijulikane. Aliyejua ni mama peke yake. Na alichokifanya ili isijulikane ndicho kilichoufanya utoto wangu uwe na raha: alijaza meza yake vikorokoro.

Cha kwanza kilikuwa kisima. Alichukua kopo la maziwa lenye mfuniko, akalitoboa, akapitisha mrija wa dripu aliopewa zahanati, kisha akalibana mezani kwa soli ya ndala aliyoikata duara na kuipigilia misumari. Akawa anakunywa chai kwa kuinama tu na kunyonya, mikono iko magotini. Mchimbaji mmoja, Masanja, alipokiona mara ya kwanza alishika kiuno kwa kicheko.

"Baba Kabula! Chai kwa mrija kama mgonjwa?"

"Masanja, wewe umechunga. Umewahi kuona ng'ombe ameinua lambo?"

"Sijaona."

"Anafanyaje?"

"Anainama anakunywa."

"Sasa nani mwenye akili, wewe unayeinua kikombe mpaka mdomoni au ng'ombe?"

Masanja alicheka mpaka akakaa chini, na kesho yake akaleta wenzake waje waone lambo la chai. Kisha ukafuata mchezo wa saiti mira. Baba alipata kioo cha pembeni cha pikipiki, akakibana juu ya kompyuta kwa waya, ili amwone anayeingia mlangoni bila kugeuka. "Dereva lazima aone nyuma," alisema. Mimi nilikuwa naingia nyuma yake kwa kunyata ili nijaribu kumshtua, na kila mara nakuta macho yake yananingoja kwenye kile kioo, yanacheka. Sikuona kwamba mgeni akitokea mlangoni mikono ya baba ilikuwa inashuka chini ya meza kabla salamu haijaisha.

Halafu bangili. Alimwomba mama amshonee kifuko kirefu cha jinzi, akakijaza mchanga, akawa anakifunga kwenye kifundo cha mkono kila anaposhika mausi ya kompyuta. Nilimuuliza mchanga wa nini. Akatazama huku na huku, akaninong'oneza, "Usimwambie mtu, mayo. Huu ni mchanga wa shimo lililotoa." Mayo ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyoniita mimi binti yake. Basi mimi nikaamini baba anavaa dhahabu mkononi. Shuleni nikikaa na watoto wa matajiri wa mashimo, wananionyesha viatu vyao, nilikuwa nawatazama kwa huruma. Kumbe ulikuwa mchanga wa mtaroni tu, na uzito wake ndio uliokuwa unautuliza mkono.

Bao la herufi ndilo lililochukua muda mrefu. Ni kibao chembamba kilichokaa juu ya kibodi, chenye tundu juu ya kila herufi, ili kidole kikishaingia kwenye tundu kisiteleze kwenda kwa jirani. Baba alisema ni bao kama lile wanalocheza wazee, ila hapa unapanda maneno badala ya kete. Nondo ya kutobolea iliwekwa kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, na aliyetoboa ni mama. Baba alikuwa anaonyesha mahali, mama anachoma, moshi wa ubao unamwingia machoni. Nilimwambia mama acheke, mbona baba anachekesha. Hakucheka. Alifuta macho kwa upindo wa kanga akasema moshi. Nikaweka moyoni kwamba mama yangu ni mtu asiyependa michezo. Nilimwonea huruma baba kwa kuoa mtu wa namna hiyo.

Sifa zilienea. Watu walisimamisha pikipiki barabarani waje kuona. Wakamwita Fundi Vituko. "Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni," walisema, wanacheka, wanaacha kazi zao zichapwe, wanaondoka. Nami nilikuwa natembea Buseresere kifua mbele, mtoto wa Fundi Vituko.

Kifeni kilikuja mwisho, msimu wa mvua. Mota yake ilitoka kwenye deki lililokufa, mapanga yake ni chupa ya maji iliyokatwa kwa mkasi, na umeme wake ulivutwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Lakini uzuri wake haukuwa kifeni. Baba alichukua kaseti za zamani, akatoa ule utepe wake mweusi unaong'aa, akaukata vipande vipande, akanituma niokote na karatasi za peremende mtaani. Tukabandika kila mahali: kwenye kingo za kompyuta, kwenye saiti mira, kwenye rafu, kwenye kisima, kwenye kona za karatasi zake zote. Akawasha. Meza nzima ikaanza kutetemeka na kumetameta, vitepe vinacheza, karatasi zinapiga makofi. Nilipiga kelele kwa furaha. Nilimshika baba mkono tukacheza pale katikati ya kibanda, na mama, kwa mara ya kwanza tangu vikorokoro vianze, akacheka. Akacheka mpaka akajiegemeza ukutani.

"Bebe!" akamwambia baba kwa Kisukuma, yaani wewe wewe! "Hiki cha leo sasa ndicho mchezo."

Baba alimtazama mama akicheka. Alitabasamu tu.

Tangu siku hiyo kifeni hakikuzimwa. Jua kikawaka, mvua kikawaka. Asubuhi za baridi watu wanaingia wamevaa makoti wanalalamika, "Baba Kabula unataka kutuua?" naye anajibu, "Mashine inataka hewa, nifanyeje?" Anawapa karatasi zao zikiwa zinapepesuka, wanazipokea zikiwa zinapepesuka, wanaziweka mezani wakizikandamiza kwa kiganja, wanacheka, wanatoka.

Siku iliyovunja mambo yetu alikuja Mama Rehema, muuza mchele wa sokoni, mbio mbio. Binti yake alikuwa anaondoka kwenda chuo, basi la Mwanza limeshaanza kupiga honi stendi, na barua ya kupeleka chuoni imo kwenye bahasha isiyoandikwa kitu. Alikuwa anataka jina la chuo lichapwe juu ya bahasha. Baba akamwambia akae. Kabla hajakaa, umeme ukakatika.

Kompyuta ikafa. Karasha nyuma yetu likanguruma kwa kushuka, likanyamaza. Kifeni kikazunguka kwa kuishiwa nguvu, kikasimama, na vitepe vyote vikaning'inia. Nakumbuka ukimya ule. Kibandani kwetu hapakuwahi kuwa kimya namna ile mchana.

"Umeme sio hoja," akasema Mama Rehema. "Andika kwa mkono. Mwandiko wako si tunaujua wote?"

"Ngoja kidogo, utarudi sasa hivi."

"Baba Kabula, basi litamwacha mtoto! Maneno mawili matatu tu."

Akamwekea bahasha mbele, akamtia kalamu mkononi. Baba akaishika. Ncha ikagusa bahasha ikaanza kugonga, tap tap tap, sauti ambayo siku zote karasha lilikuwa linaimeza. Akaandika herufi ya kwanza ikaenda upande kama kuku aliyekanyaga majivu. Akaleta mkono wa pili kuushika wa kwanza, nao ukaja unatetemeka. Mama Rehema aliangalia bahasha, akaangalia mikono, akamwangalia baba usoni. Alizungumza polepole.

"Baba Kabula. Asubuhi yote hii?"

Mama alikuwa kwenye kona na furushi la karatasi. Akafungua mdomo aseme. Baba akamtangulia.

"Nimeteleza, Mama Rehema. Nimekunywa."

Furushi la karatasi likamwanguka mama miguuni. Mama Rehema akasema astaghfirullahi, akachukua kalamu, akaandika mwenyewe anavyojua, akatoka. Na baba akabaki ametazama kifeni kilichosimama.

Mimi niliamini. Ningekosaje kuamini na kasema mwenyewe? Nilivizia ametoka nikaunusa mrija wa kisima. Tangawizi na maziwa. Nikasema moyoni, anajua kuficha. Na sasa kila kitu nikakielewa upya, upuuzi mtupu: kumbe anacheka kwa sababu ya pombe, anatengeneza vituko kwa sababu ya pombe, mama hacheki kwa sababu ya pombe. Habari zilifika sokoni kabla ya saa sita. Kanisani wakamsimamisha meza ya Bwana, akawa anakaa benchi la nyuma wenzake wakienda mbele. Alikaa pale Jumapili zote, shati limepigwa pasi, mikono ameikalia.

La ajabu, kazi hazikupungua. Kesho yake watu walikuja. "Leo uko mzima, Baba Kabula?" "Leo mzima." Walileta kazi mapema asubuhi, wanaambiana wamuwahi kabla hajaenda kunywa. Lakini vidole vilizidi kuharibika, bao la herufi likawa halisaidii, kidole kinatafuta tundu kama kipofu. Ndipo aliponiita, akapandisha kiti changu kwa matofali, akapigilia kisanduku chini ya meza nikanyage.

"Mayo, nataka nitengeneze kifaa kipya. Chapa ninavyokutajia."

Akawa anataja, mimi nachapa. Wateja wakiingia wananikuta mezani, baba amesimama nyuma yangu mikono mfukoni. "Kituko gani tena hiki?" wanauliza. "Hiki ndicho kifaa changu bora," baba anajibu, "kinajichaji chenyewe kwa ugali." Wanacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nachapa nimekunja uso, nachapa haraka nimalize niondoke mbele ya mlevi. Nilichapa kadi za harusi, nilichapa mikataba, na alipofariki, baada ya kukaa hospitali Mwanza siku nyingi zisizo na matumaini, nilichapa ratiba ya mazishi yake mwenyewe. Kifeni kinawaka. Pale makaburini niliwasikia wanawake wawili wananong'ona kwamba pombe ni mbaya, angalia ilivyomfupisha mwanamume mzuri vile. Mama alikuwa amesimama karibu. Alisikia. Alitazama shimo.

Miaka ikapita, nikasoma, nikapata kazi, akaja mchumba. Nilikwenda Buseresere kumwambia mama, tukawa tumekaa jikoni anachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mimi nikasema, bila kufikiri, kwamba kijana ni mzuri, hanywi, nimehakikisha, maana sitaki kuolewa na mlevi kama baba.

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mlevi nani?"

"Mama, jamani. Kila mtu anajua."

"Kabula. Baba yako hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha."

Akanyanyuka akaenda chumbani, akarudi na kiroba. Akakimwaga sakafuni. Kisima, bangili, bao la herufi, saiti mira, kifeni. Akaniambia yote niliyowaambia ninyi: kikaango, mlango uliofungwa, kanga yake iliyoziba uwazi. Aliniambia kwamba siku ile ya Mama Rehema, watu walipokwisha kutoka, alimlilia baba aseme ukweli, akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Na baba akamjibu, "Mama Kabula, mlevi kesho anaamka mzima, na kazi wanamletea. Mwenye mikono iliyokufa, nani anamletea? Mtoto atasoma kwa pesa gani?" Akamwapisha asiseme. Naye hakusema mpaka baba alipozikwa, na alipozikwa akaona hana nguvu ya kuanza.

Kisha akashika kimoja kimoja. Hiki ni cha kikombe, kilikuwa kinamwagika. Hiki ni cha kuwaona watu mapema. Hiki ni cha mausi. Hili bao unalijua. Kila alichoweka chini kilikuwa kinaniondokea. Utoto wangu wote, vicheko vyangu vyote, vilikuwa vinageuka ugonjwa pale sakafuni, na mimi nilikuwa siwezi kumwambia anyamaze. Akafika kwenye kifeni.

"Na hicho?" nikamuuliza. Niliogopa.

Mama alikigeuza mkononi. Uso wake ukalainika.

"Hiki hakina kitu. Hiki alikutengenezea ucheke. Unakumbuka tulivyocheka?"

Nilikichukua nikakikumbatia. Nikamwachia tena, nikamwambia akitunze. Kwa hiyo kwa miaka yote hii, wenzangu, mimi nilibaki na kifeni. Katika yote aliyoyatengeneza baba yangu kwa hofu, kimoja alikitengeneza kwa furaha, na nilikuwepo, na nilicheza naye. Kinatosha. Mtu anaweza kuishi na kimoja.

Sasa mnajua kwa nini nilitoka nje. Karatasi ilitetemeka mkononi mwangu na mkono wangu ni mzima. Nikawaona wale watu wenye makoti, asubuhi za baridi, wanapokea karatasi zinazopepesuka kutoka mkono usioonekana kama unatetemeka, kwa sababu chumba kizima kilikuwa kinatetemeka. Vitepe. Kona za karatasi. Niliziokota mwenyewe zile karatasi za peremende. Alikuwa ameufunga mlango tena, safari hii kwa upepo, na mimi na mama tulicheka hapo ndani.

Nilirudi ofisini nimejifuta uso. Neema alikuwa amekirudisha kifeni kwenye boksi lake, amenipa mgongo. Nikamwambia anisamehe, si yeye. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema wa zamani. Akanipa kikombe chake kwenye kile kisahani, chai bado ya moto, nikanywa.

Mchana mama akapiga simu. Shikamoo mama, marahaba, hali za huko, hali njema, mvua imenyesha. Nyuma yake nilisikia mtoto analia.

"Ni Shija wako huyo," akasema. Shija ni mwanangu, yuko kwa bibi yake likizo hii. "Amefungua kiroba cha babu yake akatoa kifeni, na kifeni kimekufa, hakizunguki. Analia toka asubuhi. Huko mjini hakuna mota ndogo kama ile?"

"Zipo, mama."

"Tafuta basi uje nayo. Maana nimemwambia Shija, vile vingine achezee akichoka atupe, lakini hicho nataka kiwake. Ndicho pekee baba yako alichokitengeneza moyo wake umetulia. Siku ile alikuwa na furaha, Kabula. Nilimwona."

Nilikibana kinywa changu kwa kiganja. Neema alinitazama. Mezani kwangu lilikuwepo boksi lenye sungura, nikalivuta karibu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alikuwa na furaha. Nami nilimwona. Mwambie Shija anyamaze, mota naileta."